Bwana Nyuki na Kurasa Mbili za Mwisho

Bwana Nyuki hakuwa mlaji wa asali. Nianze na hilo kwa sababu ndilo lililowachekesha watu wa Mpitimbi kuliko mengine yote. Serikali ilikuwa imemleta kutoka Tabora aje atufundishe ufugaji wa kisasa, na nyuki walimjua kama mtu wa nyumbani, lakini ukimwekea asali mezani aliisogeza pembeni kwa adabu na kuomba sukari. Vijiko vitatu, tena vya kujaa. Mama yangu alimuuliza siku moja kama asali yetu ina kasoro. "Hapana, mama," akamjibu. "Asali yenu nzuri sana. Mimi nilikula ya kwetu utotoni mpaka nikaikinai, basi."

Jina lake ninalijua, na watu wengi wa rika langu pale Songea wanalijua pia, lakini nitamwita kama tulivyomwita. Enzi hizo kila kata ilikuwa na bwana shamba, bwana mifugo na bwana afya, na yeye alikuwa bwana nyuki. Wenzake walipoondoka, vyeo vyao viliondoka nao. Cha kwake kilibaki kijijini hata baada ya serikali kumwachisha kazi.

Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye haraka. Alivaa koti la kaki ambalo mifuko yake ilijaa karatasi, na kofia ya kiua aliyoivua tu anapovaa wavu wa usoni. Kengele ya baiskeli yake ilikuwa mbovu, kwa hiyo alijitangaza kwa mdomo: "Nipisheni, jamani, nipisheni." Alikuwa Mwislamu na mtu wa kuja, katikati ya Wakatoliki wenyeji, na aliyajua mambo ya parokia kuliko baadhi yetu tuliobatizwa. Alijua Misa ya kwanza inaisha saa ngapi, na padri yupi mahubiri yake ni marefu. Hakuwa na shughuli na Misa, shughuli yake ilikuwa na watu wakitoka. Alisubiri nje, ubavuni mwa ukuta wa kanisa, na matangazo ya ndani yakiisha yeye akaanza ya kwake: mizinga ya nani imeingiwa na siafu, nani hajarudisha wavu, mkutano lini. Wazee walimtania kwamba ameanzisha Misa ya tatu. "Ila hii yangu haina sadaka," aliwajibu.

Nisije nikamfanya malaika. Hasira zake zilikuwa karibu. Aliweza kugomba asubuhi nzima kwa sababu mtu amerina asali kwa kuchoma mzinga na moto wa nyasi, na jioni akapita kwa mtu huyo huyo kuomba maji ya kunywa kana kwamba hakuna lililotokea. Alikuwa mbishi pia. Ukimwambia jua linatoka mashariki alitaka kwanza kujua umesimama wapi.

Kitu alichokipiga vita kuliko vyote ni mzinga wa gome. Kwetu, kama kwao Tabora, mzinga ulitengenezwa kwa kulivua gome la mti mkubwa lote, kuuzunguka, na mti ukiisha kuvuliwa hivyo hunyauka. Alikuwa akisema, "Mti mzima, kwa debe moja la asali," huku akitikisa kichwa. Baba yangu mdogo, ambaye hakupenda kufundishwa na mtu wa mbali, alimwambia mbele ya watu kwamba anaikataza kazi ile kwa sababu haiwezi. Kulikuwa na mti ulioangushwa na mafundi wa barabara siku chache nyuma. Bwana Nyuki akaenda, akalivua gome lake, akalikunja, akalishona kwa vijiti, na kabla hatujapata hamu ya kukaa chini mzinga ulikuwa umekamilika, mzuri, umebana kila mahali. Aliutazama kwa muda mrefu, akasema, "Ndiyo hivyo. Msifanye." Akaufunga kwenye baiskeli akaenda nao kwake. Baadaye alinieleza kwamba hiyo ndiyo kazi aliyoijua kuliko nyingine yoyote duniani, na ndiyo aliyokuja kuizuia.

Nami nilikuwa nani? Nilikuwa binti wa miaka ishirini niliyerudi nyumbani na cheti cha kidato cha nne kisichonipeleka kidato cha tano. Kikundi cha wafuga nyuki kilihitaji mtu wa kuandika, nikafanywa katibu. Watu waliniita Dada Katibu, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Yeye aliniita binti, na tangu siku alipogundua kwamba Kiingereza changu kinaweza kusoma barua, hakunipa nafasi ya kupumua.

Maana Bwana Nyuki alikuwa na ugonjwa wa kusoma. Alisoma chochote chenye herufi, na alisoma mpaka mwisho: karatasi ya sabuni, tangazo la mnada lililopita, maelezo ndani ya boksi la vidonge. Miaka ile ya soko huria maduka yalijaa vitu kutoka kila pembe, na kila kitu kilikuja na maandishi ambayo wauzaji wenyewe hawakuyasoma. Nakumbuka siku tulipokuwa sokoni Songea mjini. Kijana mmoja alikuwa ameweka pipa la dawa ya wadudu ya unga, anaipima kwa kijiko na kuifunga kwenye vifuko vya nailoni, na pembeni yake mama mmoja anauza dagaa. Bwana Nyuki aliinama, akasoma maandishi ya kwenye pipa, kisha akanyanyuka na kuanza kuyasoma upya kwa sauti. Weka mbali na chakula. Weka mbali na watoto. Usifungue bila kuziba pua. Ni hatari kwa nyuki na samaki. Watu wakakusanyika.

"Mzee, unaniharibia biashara," kijana akalalamika.

"Sikuharibii, nakusomea. Wewe uliisoma?"

"Imeandikwa Kizungu."

"Ndiyo maana nakusomea. Binti, hapa pamesemaje?"

Nikatafsiri mistari iliyomshinda, nikiona haya mpaka masikioni. Mama wa dagaa hakungoja mwisho. Alibeba ungo wake akahamia upande wa pili wa njia. Yule kijana alitutukana siku ile, lakini miezi michache baadaye alikuwa na banda lake mwenyewe, mbali na vyakula, na kila alipomwona Bwana Nyuki alimwita mwalimu wangu.

Serikali iliitisha semina ya siku mbili mjini kuhusu biashara huria, tukaenda wote wawili. Mtoa mada alikuwa ametoka Dar es Salaam. Alieleza vizuri jinsi nchi na nchi zinavyoandikiana mikataba, ushuru unapungua, bidhaa zinavuka mipaka, na mkulima wa Songea anaweza kuuza mpaka Ulaya. Bwana Nyuki akanyoosha mkono.

"Ndugu mtoa mada, katika mkataba huo miti imeandikwa ukurasa gani?"

Ukumbi ukacheka. Mtoa mada, ambaye alikuwa mtu mwungwana, akasema mambo ya mazingira yapo, yamewekwa kwenye kiambatisho, nyuma kabisa.

"Kiambatisho kiko wapi?"

Hakikuletwa. Kilikuwa kirefu mno.

"Basi mmetuletea nusu," akasema, akakaa.

Saa ya chai hakunywa chai. Alimfuata yule bwana kutoka meza hii hadi meza ile, na siku ya pili kiambatisho kikapatikana, sijui kwa nani, naye akakidurufu palepale mjini. Tulikisoma pamoja kibarazani kwa mama, mimi natafsiri, yeye anakunja uso. Kila kifungu kilisema nchi zitajitahidi. Zitajitahidi kulinda misitu, zitajitahidi kulinda vyanzo vya maji, pale inapowezekana. Alifika mahali akaniomba niliruke neno hilo, lilikuwa limemchosha. Ni mara pekee aliyowahi kuniomba niruke kitu.

"Hakina meno, hiki," akasema nilipomaliza. "Wakubwa wamekubaliana huko juu, kila mtu ajitahidi. Mwenye kukitia meno ni yule anayekaa karibu na mti. Sasa huyo atakitiaje kama hajui kimeandikwa?"

Nililichukulia kama usemi wa mzee mbishi. Nilikuwa na miaka ishirini.

Baada ya hapo ndipo ukaja mkataba wetu wenyewe. Wanunuzi wa Ulaya walitaka asali na nta ya Mpitimbi. Zilikuwa kurasa saba za Kiingereza. Tano za kwanza zilihusu ubora, uzito, tarehe na bei. Mbili za mwisho zilikuwa za mazingira, na zilikuwa mtoto wa viambatisho vile vya wakubwa, ila safari hii hakuna kujitahidi: mizinga ya magome marufuku, makopo ya dawa za mashamba yasitumike kuwekea asali, na kando ya kijito ambako nyuki wanakunywa maji, hatua hamsini kila upande, uoto wa asili usikatwe wala kuchomwa. Wangekuja kukagua. Wakikuta sharti limevunjwa kwa makusudi, mkataba umekufa.

Wazee walikuwa na neno lao juu ya hilo. "Wao walimaliza misitu yao, sasa wanatupangia yetu," alisema mwenyekiti wa kikundi. Wengi wetu tulitegemea Bwana Nyuki abishe. Akasema ni kweli, wana unafiki mkubwa. "Lakini kile kijito, mwenyekiti, maji yake wanakunywa wao?" Mwenyekiti akacheka, yakaisha.

Mkutano wa kuupitisha mkataba tuliufanya kwenye ghala la zamani la ushirika, lililokuwa tupu tangu wanunuzi binafsi waanze kufuata mazao milangoni. Nilikuwa nimeutafsiri wote kwenye daftari. Bwana Nyuki alikuwa ameniusia wiki nzima. "Binti, soma mpaka mwisho. Mwisho hasa." Yeye mwenyewe angechelewa, alikuwa ameitwa ofisini mjini.

Nilisoma kurasa tano vizuri. Kwenye bei watu walipiga makofi. Kisha upepo ukabadilika, bati zikaanza kulia, na wanawake wakawa wanatazama mlangoni kwa sababu walikuwa wameanika mihogo. Baba mmoja akasimama. "Dada Katibu, bei tumeisikia. Hayo mengine utatusomea siku nyingine. Mvua ile pale."

Mwenyekiti akanitazama. Nami nikazifunika zile karatasi, nikasema, "Zilizobaki ni za mazingira tu."

Ile "tu" bado naisikia. Mikono yote ikanyooshwa, mkataba ukapita. Nilipotoka nilimkuta Bwana Nyuki amesimama nje karibu na ukuta, ameshika baiskeli.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mmemaliza?"

"Tumemaliza."

"Haya," akasema, akapanda baiskeli akaondoka, matone yakiwa yameshaanza. Nilishukuru kwamba hakuuliza zaidi. Kwa muda wa wiki tatu zilizofuata hakuonekana Mpitimbi, tukadhani ana kazi nyingi ofisini. Siku nyingine ya kusoma zile kurasa haikufika.

Ikafika badala yake barua kwamba mkaguzi wa wanunuzi anakuja kuona mizinga na kijito. Sasa, kwetu mgeni hakuti majani. Akija waziri, akija askofu, akija hata mkwe, unafyeka, unafagia, unapaka mawe chokaa. Nyasi ndefu mbele ya mgeni ni aibu ya kijiji kizima. Mwenyekiti akagawa watu kwa zamu, na zamu zile niliziandika mimi kwa mkono wangu. Siku mbili walifyeka kingo zote mbili, kuanzia kivukoni mpaka kwenye mizinga ya kwanza: vichaka, matete, miche ya miti, kila kitu. Wakarundika, wakachoma. Kijito kikaonekana chote, kinameremeta. Nilisimama kivukoni nikajisikia fahari.

Mtaniuliza, wewe si ndiye uliyelitafsiri lile sharti? Ndiye. Nililitafsiri kama mtu anayemenya viazi huku akiwaza mambo yake. Kichwani mwangu lilihusu watu wabaya wenye misumeno, siyo sisi wenye mafyekeo na mafagio.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye daftari dogo. Alikuja na gari, na Bwana Nyuki alikuwa ndani ya gari hilo kwa sababu mkataba ulimtaja yeye kama mshauri wetu. Wanawake wakapiga vigelegele. Tukamshusha mgeni mpaka kivukoni tukiimba. Aliposimama na kutazama kingo zile nyeupe kwa chokaa na nyeusi kwa majivu, aliacha kutabasamu. Nilimwona Bwana Nyuki akitazama kushoto, akitazama kulia, kisha akanitazama mimi. Hapo ndipo sharti lile liliponirudia, lote, neno kwa neno, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Mkaguzi akauliza kwa Kiingereza, nami ndiye mkalimani peke yangu: Hapa palikuwaje kabla? Nani ameagiza pakatwe? Watu hawa walikuwa wanalijua sharti?

Mwenyekiti akanisogelea, akaninong'oneza kwa Kingoni niseme ni moto uliotoka kijiji jirani. Alidhani Bwana Nyuki haelewi. Lakini miaka yote ile ya kusimama nje ya kanisa haikuwa ya bure.

"Usimtafsirie hilo," alisema. Hakupandisha sauti. "Mtafsirie langu. Mwambie watu hawa hawakulijua sharti. Wamefyeka kwa kumheshimu yeye. Kuhakikisha wanasomewa ilikuwa kazi yangu, na sikuifanya."

Nilipaswa kusema hapo. Nilikuwa na lugha zote mbili mdomoni, na watu wote walikuwa wananisikiliza mimi. Badala yake nilitafsiri alichosema, kwa uaminifu, nikitazama viatu vya mgeni. Mama yule akaandika kwa muda. Akasema kama tungekuwa tumelijua sharti na kulivunja, mkataba ungekufa siku ile ile. Kwa kuwa hatukusomewa, atausimamisha mpaka kingo ziote tena. Mwaka ule hawatanunua.

Watu walipoelewa, lawama zote zilimwangukia Bwana Nyuki. Hakuna aliyeikumbuka mvua wala mihogo. Au waliikumbuka, ila mtu wa kuja ni rahisi kumlaumu. Jumapili iliyofuata alisimama mahali pake nje ya kanisa, na watu wakampita kama nguzo. "Na makaratasi yake yote, ametuponza," alisema baba mdogo kwa sauti ya kusikika. Nami nilipita. Nilimwamkia, akaitikia, nikapita. Nilijiambia nitasema Jumapili ijayo, na Jumapili ijayo nikajiambia hivyo hivyo, mpaka ikawa aibu mpya kwamba sikusema mapema.

Muda si mrefu tukasikia kwamba amepunguzwa kazini. Ilikuwa miaka ya kupunguza watu, barua zilikuwa zinatoka kila ofisi. Tukajua atarudi kwao. Hakurudi. Alijenga kijumba Matogoro, karibu na mjini, akalima mahindi yake, na mara mbili kwa wiki alikuwa kwetu Mpitimbi na baiskeli yake, bila mshahara, kwenye kijito kile. Alipita ukingoni akiwaomba wenye mbuzi wazungukie juu. Kipindi cha kuchoma mashamba alishinda huko na mkate wake mfukoni, akingoja mioto ya watu wengine. Mwanzoni alikuwa peke yake. Nilikuwa wa kwanza kumfuata, na watu walinisifu kwa moyo wangu mwema, jambo lililoniuma kuliko tusi. Kisha wakaja wanawake waliokuwa wakichota maji, kisha vijana. Baba mdogo alikuja wa mwisho, akidai anatafuta mbuzi aliyepotea.

Mvua ya kwanza yalitoka matete. Ya pili vichaka vilifunga. Baada ya ya tatu hukuweza kuona maji kutoka kivukoni. Mkaguzi yule yule akarudi, akaingia ndani ya kichaka, akatoka na majani kichwani, anacheka. Asali ya Mpitimbi ikaanza kwenda. Bwana Nyuki alisamehewa kwa namna ya kwetu, yaani hakuna aliyemwomba radhi, ila utani ukarudi. Nje ya kanisa wakaanza tena kumuuliza Misa yake ya tatu inaanza saa ngapi.

Mimi ndiye niliyefaidika kuliko wote. Alizunguka kunitangaza. Wakulima wa mahindi wa Maposeni walipoletewa makubaliano na mnunuzi wa mbegu, aliwaambia, "Mwiteni yule binti wa Mpitimbi. Anasoma mpaka mwisho." Aliwaambia watu wa kahawa, aliwaambia watu wa mbao. Nikawa naitwa huku na huku, nikapata kusoma zaidi, nikapata ofisi yangu mjini, na mpaka leo kazi yangu ni kukaa na vikundi vya wakulima na kuwasomea kile wanachotakiwa kutia sahihi. Naanza na kurasa za mwisho. Nimesomesha wanangu kwa kazi hiyo. Nimezuia mambo mawili matatu mabaya, na mito kadhaa bado ina vivuli. Yote hayo nimeyapata kwa mtu aliyekuwa ananisifu kwa kile kile nilichoshindwa kukifanya, na kila aliponisifu sikujua nitazame wapi.

Mwisho niliona siwezi tena. Nilikuwa nimetoka kuwafundisha vijana kwenye semina, mmoja wao akaniuliza kama nimewahi kuruka ukurasa hata mara moja. Nikamjibu sijawahi. Sikula chakula cha mchana siku hiyo. Nilipanda gari mpaka Matogoro.

Alikuwa amezeeka, amekonda zaidi, na haraka zake zimemwisha. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikavuta kigoda, nikachukua hindi na mimi. Mkewe akatuletea chai akatuacha. Tuliongea habari za wajukuu, tukaongea habari za mvua, nikamaliza mahindi kama sita.

"Baba," nikasema, "siku ile ghalani nilikuambia tumemaliza. Hatukumaliza. Zile kurasa mbili sikuzisoma. Nilizijua, na sikuzisoma."

Vidole vyake havikusimama. "Najua."

"Ulijuaje?"

"Nilikuwa nje. Nilifika mapema kuliko ulivyodhani, nilikusikia tangu ukurasa wa pili. Ulikuwa unasoma vizuri sana. Nikasikia na pale uliposema zilizobaki ni za mazingira tu."

Nilishindwa kupukuchua. "Sasa kwa nini hukuingia? Wewe? Ungetufokea wote."

"Siku ile nilitoka ofisini na barua ya kupunguzwa. Ilikuwa hapa, mfukoni." Alijigusa kifuani, ingawa koti lile lilikuwa limekwisha zamani. "Nimesimama pale, nasikia unazifunika karatasi, nikajiambia, waache, si kazi yangu tena. Hivyo hivyo nilivyojiambia, wallahi. Kutoka nilipokuwa mpaka mlangoni ni hatua tatu."

"Nimekaa miaka yote nikidhani ulisema uongo mbele ya yule mama ili kunificha."

"Sikumficha mtu. Wewe ulikuwa mtoto, na mvua inakuja. Mimi ndiye niliyekuwa najua." Akalitupa gunzi, akachukua hindi lingine. "Mizigo tulikuwa tumeshaanza kufunga, mama huyu na mimi. Ungezisoma siku ile, tungeondoka mwisho wa mwezi. Nisingekuwa na cha kunirudisha pale kijitoni."

Nilikuwa nimekwenda kuomba msamaha, na sasa sikujua niuweke wapi. Kilichonijaa kilikuwa shukrani, tupu, kubwa, ya kulia. Nikamwambia. Nilimwambia wazi kwamba namshukuru kwa kijito na kwa kazi yangu na kwa wanangu, na kwamba siku ile tulikosea wote wawili, kosa moja, mahali pamoja, ila mimi nilijificha na yeye alirudi kulirekebisha kesho yake.

"Si kesho yake," alisema. "Nilikuwa na wiki tatu kabla ya mgeni kufika, na baiskeli nzima. Nilikaa nyumbani nimenuna. Ukija kuwasimulia watu, na hilo uwaambie."

Basi, na hilo nimewaambia.